Mtazamaji Asiyejikatia Tikiti: Namna Tamasha la Kimataifa la Maigizo kwa Watoto Linavyopangwa

Watu wengi wakisikia habari ya tamasha la kimataifa la maigizo kwa watoto, hudhani kwamba ugumu wake uko mbali: kuyapata makundi ya ng'ambo, kuandikiana nayo, kuyatafutia viza na kuyalipia ndege. Ugumu huo upo, na nitaueleza, lakini tamasha lolote la muziki au la filamu hukutana nao. Kinacholitofautisha tamasha la watoto ni hali ya mtazamaji mwenyewe. Mtoto wa miaka saba anayeishi Katuba au Ruashi, komini (sehemu za utawala) za mji wetu wa Lubumbashi, nchini Kongo, hachagui mchezo atakaoutazama, hajikatii tikiti, hapandi basi peke yake kwenda katikati ya mji, na mchezo usipomfaa hana ruhusa ya kusimama na kuondoka. Kila jambo lake huamuliwa na mtu mzima: mzazi, mwalimu, mkuu wa shule, mfadhili, mwongozaji wa mchezo. Anayetaka kuelewa tamasha la namna hii linavyopangwa na ashike jambo hilo moja, kisha alifuate kutoka kwenye uchaguzi wa michezo hadi kwenye hesabu za fedha.

Kwanza kuna mambo mawili ambayo huchanganywa mara kwa mara. Maigizo yanayochezwa na watoto ni kitu kimoja, na maigizo yanayochezwa kwa ajili ya watoto ni kitu kingine. Shule zetu zinajua sana lile la kwanza: mwisho wa mwaka wanafunzi huigiza mbele ya wazazi. Nchini Kenya kazi hiyo imekuzwa hadi kuwa mashindano makubwa ya taifa, yaliyoanza kabla ya uhuru na yanayoendelea mpaka leo. Tamasha ninalolizungumzia ni la namna ya pili. Wanaopanda jukwaani ni wasanii wazima waliojifunza kazi yao, na mtoto amekaa mbele yao kama mtazamaji kamili. Shirika la kimataifa la fani hiyo, ASSITEJ, lilianzishwa Paris mwaka 1965. Mkutano wake mkuu huambatana na tamasha, na ulifanyika barani Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2017, mjini Cape Town. Mwaka 2024 ulifanyika Havana. Msingi wa haki unaotajwa katika mikutano hiyo ni kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kinachomtambulia mtoto haki ya kupumzika, ya kucheza na ya kushiriki kikamilifu katika maisha ya utamaduni na sanaa. Nchi yetu, ilipokuwa bado inaitwa Zaire, iliuridhia mkataba huo mwaka 1990.

Maneno ya kifungu hicho yana uzito kuliko yanavyoonekana, kwa sababu katika mikoa yetu fedha nyingi za maigizo hutolewa kwa ajili ya uhamasishaji: chanjo, usafi wa mikono, kipindupindu, uchaguzi. Kazi hiyo ina faida yake na sitaidharau. Hata hivyo, mfadhili akiombwa kusaidia tamasha la watoto, swali lake la kwanza huwa ni funzo gani litatolewa, na mwandaaji mwenye shida ya fedha hushawishika kujaza ratiba na michezo ya mafunzo. Hapo ndipo mtazamaji asiyeweza kuchagua anapoonewa. Mtu mzima akienda kutazama mchezo huenda acheke, ashangae, aogope kidogo, afikirie maisha yake. Kwa nini mtoto akienda apewe somo la saba baada ya masomo sita ya asubuhi? Mji huu una urithi wa kujibu hoja hiyo. Kundi la Mufwankolo liliigiza kwa miaka mingi redioni na kwenye televisheni kwa Kiswahili cha Lubumbashi, na watu wakalipenda kwa sababu waliyaona maisha yao wenyewe yakisogezwa mbele yao kwa ustadi. Funzo lilikuwamo, lakini lilipita ndani ya sanaa. Mwandaaji wa tamasha la watoto anapaswa kuitetea sanaa hiyo mbele ya kila anayetoa fedha, na kuitetea kabla mkataba haujatiwa saini.

Uchaguzi wa michezo huanza mwaka mmoja na nusu kabla ya tamasha, na kosa la kawaida ni kuchagua kwa kutazama video. Video humwonyesha mchaguaji jukwaa, wakati anachohitaji kuona ni watoto waliokaa mbele ya jukwaa hilo. Mchaguaji mzoefu huenda kwenye onyesho lenyewe, huketi pembeni, na sehemu kubwa ya muda huwatazama watazamaji: mahali wanapoinama mbele, mahali wanapoanza kusukumana, mahali kimya kinapowashika. Ndiyo maana matamasha ya watoto hutembeleana sana. Kwa mji ulio mbali na njia hizo za safari, njia ya busara ni kushirikiana na mchaguaji wa tamasha la jirani, la Zambia au la Tanzania kwa mfano, ambaye jicho lake linaaminika.

Halafu kuna suala la umri, ambalo kwa watu wazima halipo kabisa. Ipo michezo inayotungwa kwa ajili ya watoto ambao hawajafikisha hata miaka mitatu. Kundi la La Baracca la Bologna, lililoanzishwa mwaka 1976, linajulikana ulimwenguni kwa kazi hiyo. Mchezo wa namna hiyo hudumu nusu saa hivi na hutaka watazamaji wachache, makumi machache tu, walioketi karibu na wasanii. Wa miaka minne hadi sita huweza kukaa dakika arobaini, na wa miaka minane na kuendelea hufikia saa nzima bila taabu. Kundi linapoandika kwamba mchezo wake unawafaa wa miaka minane na kuendelea na kwamba watazamaji wasizidi 120, hilo si pendekezo. Ni sehemu ya mchezo kama ilivyo taa.

Masharti hayo yanapofika Lubumbashi hukutana na darasa halisi, na hapo ratiba nzuri ya karatasini huanza kuchanika. Darasa la nne la shule ya msingi huweza kuwa na mtoto wa miaka tisa na wa miaka kumi na mitatu, kwa sababu kuna waliochelewa kuanza na waliokatizwa kwa kukosa karo. Tangu elimu ya msingi ya shule za serikali ilipofanywa kuwa bure mwaka 2019, madarasa yenye wanafunzi zaidi ya hamsini hayamshangazi mtu. Darasa haliwezi kugawanywa, maana mwalimu ni mmoja na hawezi kuwa ukumbini na shuleni kwa wakati mmoja. Kwa hiyo ukumbi wa nafasi 120 huchukua madarasa mawili, na kila onyesho hupangwa kwa kuhesabu madarasa wala si viti. Mwandaaji asiyezitembelea shule miezi mingi kabla na kuandika idadi ya kila darasa kwa mkono wake atajikuta asubuhi ya onyesho na watoto themanini wamesimama mlangoni.

Lugha inahitaji uamuzi wa mapema pia. Watoto wetu huzungumza nyumbani Kiswahili cha mjini, kilichochanganyika na Kifaransa na lugha za Katanga, na shuleni husoma Kifaransa. Kundi la Ulaya huleta Kifaransa cha haraka kuliko kile cha mwalimu, kundi la Zambia huleta Kiingereza, na kundi la Dar es Salaam huleta Kiswahili sanifu ambacho mtoto wa hapa hukifuata vizuri kwa sehemu tu. Matamasha ya watu wazima hurusha tafsiri ya maandishi juu ya jukwaa, lakini kwa mtoto anayejifunza kusoma maandishi hayo ni mzigo: akiyafuata haoni mchezo, akiutazama mchezo hayasomi. Wengi hukimbilia michezo isiyo na maneno, ya vikaragosi, vivuli, sarakasi na dansi, nayo ni mizuri, lakini tamasha lisilo na maneno hata kidogo humnyima mtoto nusu ya sanaa hii. Njia ninayoiona bora ni kumwomba mwongozaji akubali msimulizi wa hapa, msanii wa Lubumbashi anayeingia ndani ya mchezo na kuubeba kwa Kiswahili cha watoto wenyewe. Makundi mengi hukubali yakiombwa miezi minne kabla. Yakiombwa siku mbili kabla hukataa, na yana haki. Kwa kundi la Kitwe au Ndola, miji ya Zambia, lipo jambo la kufurahisha zaidi: likiigiza kwa Kibemba, baadhi ya watoto wa hapa watakuwa wafasiri wa wenzao.

Sasa kalenda, ambayo kwa maoni yangu huamua hatima ya tamasha kuliko fedha. Siku ya ulimwengu ya maigizo kwa watoto na vijana huadhimishwa tarehe 20 Machi, na ni rahisi kutamani kulifungua tamasha siku hiyo. Lakini mvua za Lubumbashi huanza mnamo Novemba na kuendelea hadi Aprili, na kumbi zetu nyingi zina mabati: mvua ikishuka, msanii haisikii hata sauti yake mwenyewe. Juni ni mwezi wa mitihani. Julai na Agosti ni likizo, na shule, ambazo ndizo zinazowaleta watoto wasio na mtu wa kuwaleta, zimefungwa. Septemba wazazi wanahangaika na sare na madaftari, na orodha za madarasa bado hazijatulia. Oktoba ingefaa, ila kuna joto kali, na mwisho wa kiangazi maji ya mabwawa huwa yamepungua na umeme hukatika zaidi. Unabaki mwezi wa Mei: mvua zimekwisha, baridi ya Juni haijaingia, shule zinafanya kazi na mitihani bado haijawashika walimu. Tamasha linalopangwa kufuata nafasi za makundi ya ng'ambo badala ya kalenda hii litakuwa na wasanii wazuri mbele ya mabenchi matupu.

Hata ndani ya Mei, saa zinabana. Shule nyingi hutumia majengo kwa zamu, kundi moja la wanafunzi asubuhi na jingine mchana. Wa asubuhi wanaweza kutoka saa mbili na nusu wakarudi kabla ya saa sita, na wa mchana huanza saa saba. Kati ya zamu hizo mbili hupatikana maonyesho mawili kwa siku, na si zaidi, maana wasanii hurudisha jukwaa katika hali yake ya mwanzo baada ya kila onyesho. Jumamosi na Jumapili alasiri huachiwa familia. Hilo ni jambo la lazima, kwa kuwa mtoto aliyekuja na darasa lake siku ya Jumatano ndiye huyo anayemvuta mama au shangazi siku ya Jumamosi.

Je, nani atamfikisha mtoto ukumbini? Hapa ndipo matamasha mengi huwahudumia wale wale, watoto wa katikati ya mji wenye wazazi wenye magari. Ukumbi wa Halle de l'Étoile, penye Institut français, kituo cha utamaduni cha Ufaransa, ni mahali pazuri kwa kazi ya jukwaa, na kila msanii hupenda kucheza hapo. Jengo lililokuwa Théâtre de la Ville, lililojengwa miaka ya 1950 na linaloitwa leo Jengo la 30 Juin, lilikuja kuwa makao ya Bunge la mkoa. Kwa hiyo mji wa mamilioni ya watu una kumbi chache sana zilizotengenezwa kwa ajili ya maigizo, na zilizopo haziko katika komini za Kenya (ya hapa mjini, si nchi), Kampemba wala Annexe. Kukodi mabasi ya kuwaleta watoto wa komini hizo hula fedha nyingi, na barabara ikifungwa saa moja onyesho limeharibika. Ni bora onyesho liwafuate. Mjini Ouagadougou, tamasha la Récréâtrales, lililoanza mwaka 2002, huingiza maigizo ndani ya nyua za familia, na wenye nyumba huwa wenyeji wa watazamaji. Sisi tuna nyua, tuna kumbi za parokia, tuna viwanja vya shule vyenye kivuli cha miembe. Tamasha la watoto likiweka michezo miwili yenye mahitaji makubwa ya taa katikati ya mji, na michezo minne myepesi ikazunguka komini kwa komini, mtoto wa Ruashi atatembea kwa miguu hadi kwenye onyesho pamoja na darasa lake.

Uamuzi huo hugeuza waraka wa kiufundi ambao kila kundi hutuma. Huko kwao wameandika taa arobaini na giza kamili. Huku kuna mkato wa umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, na jenereta ambalo, likiwekwa karibu, huzima kila neno. Fundi mkuu wa tamasha, ambaye kwangu ni mtu wa pili kwa umuhimu baada ya yule anayeshughulika na shule, hukaa na kila waraka na kuuliza mchezo huu unahitaji nini hasa ili ubaki mchezo ule ule. Mwongozaji mwaminifu hujibu kwa kweli, na mara nyingi inaonekana unaweza kuchezwa mchana kweupe, watoto wakiwa wameketi kwenye mikeka safu tatu za mbele na mabenchi nyuma yao ili kila mmoja aone. Giza kamili, kwa vyovyote vile, huwaogofya wadogo. Vyoo na maji ya kunywa huingia katika waraka huo huo, maana watoto 120 kwa saa moja na nusu hawasubiri.

Usalama hauhitaji maneno mengi, unahitaji uthabiti. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda mtoto nchini mwetu, na tamasha linatakiwa kuwa na kanuni zake zilizoandikwa juu ya hiyo: watoto huhesabiwa wanapoingia na wanapotoka, hakuna msanii wala mfanyakazi anayebaki na mtoto peke yake, hakuna picha ya mtoto inayochapishwa bila idhini ya mzazi. Kila kundi hutia saini kanuni hizo pamoja na mkataba wa malipo. Mgeni mashuhuri naye hutia saini.

Upande wa mipaka una utaratibu unaojulikana, na ugumu wake ni muda. Wasanii wanahitaji viza, kwa wale wa nchi zinazodaiwa, barua ya mwaliko na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na watakaguliwa na DGM, idara ya uhamiaji. Vifaa vya jukwaani vinahitaji orodha ya kila kipande, na thamani yake, kwa ajili ya DGDA, mamlaka ya forodha, vikitangazwa kwamba vinaingia kwa muda na vitatoka. Bila hivyo vikaragosi huhesabiwa kama bidhaa. Kundi linalotoka Zambia kwa gari hupitia Kasumbalesa, yapata kilomita 90 kutoka hapa, ambako foleni ya malori ya shaba hailijui tamasha. Siku mbili za akiba kati ya kuvuka na onyesho la kwanza si anasa. Kuna pia mkondo wa kinyume, unaosahauliwa: tamasha linaloalika tu, bila kundi la Lubumbashi kualikwa kokote, limekuwa soko la upande mmoja. Katika kila mazungumzo na tamasha la nje, mwandaaji aulize mapema ni mchezo gani wa hapa utakaotazamwa huko.

Tukija kwenye fedha, hesabu ya mfano itaeleza kuliko maelezo. Tuchukulie kundi la watu watano. Ndege, dola 900 kila mmoja, ni dola 4,500. Malazi na chakula kwa siku tano, dola 60 kwa mtu kwa siku, ni dola 1,500. Maonyesho manne kwa dola 600 ni dola 2,400. Viza, mizigo na usafiri wa mjini tuweke dola 600. Jumla ni dola 9,000, na kama kila onyesho lina watoto 150, wamehudumiwa 600, yaani dola 15 kwa mtoto mmoja. Hakuna mzazi wa Katuba atakayelipa kiasi hicho, na hatakiwi kulipa. Sasa tuchukulie kwamba matamasha mengine mawili ya nchi jirani yamelialika kundi lile lile na tumegawana ndege kwa usawa: sehemu yetu inashuka hadi dola 1,500, na jumla hadi dola 6,000. Tukiongeza siku mbili na maonyesho manne zaidi, tunaongeza dola 600 za malazi na dola 2,400 za malipo, na tunarudi kwenye dola 9,000 zile zile. Lakini safari hii watoto ni 1,200, na gharama ya kila mmoja ni dola saba na nusu. Ndiyo sababu naamini tamasha la hapa lialike makundi machache na kuyaweka siku nyingi. Ratiba yenye bendera ishirini hupendeza kwenye bango, lakini hula fedha ya watoto.

Pengo linalobaki hujazwa na taasisi za utamaduni, balozi, kampuni na serikali ya mkoa, na tatizo lake ni kwamba wafadhili wengi hutoa sehemu mwanzoni na kumalizia baada ya ripoti. Msanii hutaka malipo yake siku ya kuondoka. Mwandaaji asiye na akiba ya kuziba miezi hiyo hukopa, na deni la tamasha la kwanza ndilo huua la pili. Haki za mtunzi, zinazopitia SOCODA, shirika la haki za watunzi la Kongo, au zinazolipwa moja kwa moja kwa makubaliano ya maandishi, ziwekwe katika bajeti tangu siku ya kwanza, kama ndege.

Kwa sababu hizo zote, tamasha la kila mwaka ni mzigo usiobebeka kwa mji wetu. Charleville-Mézières nchini Ufaransa, penye tamasha kubwa la vikaragosi lililoanza mwaka 1961, hukutana kila baada ya miaka miwili, na Biennale ya Lubumbashi, iliyoanzishwa na chama cha wasanii kiitwacho Picha mwaka 2008, imefuata mwendo wa namna hiyo katika sanaa za picha. Mwaka wa katikati haupotei. Mchezo mmoja uliotungwa na wasanii wa hapa, uliojaribiwa mbele ya madarasa mawili au matatu na kusahihishwa kwa yale waliyoyaonyesha watoto, unaweza kuzunguka Kamalondo, Kenya, Katuba na Ruashi kwa gari moja na jenereta dogo, huku walimu wakizoea kuleta wanafunzi na fundi akipima kila ua. Makundi ya nje yatakapofika mwezi wa Mei unaofuata, orodha za madarasa zitakuwa tayari, na mchezo huo utakuwa wa kwanza katika ratiba.